Muulize Shangazi wa Pesa: Deni si langu, jina ni langu

Shikamoo Shangazi. Mimi nauza samaki wa kukaanga hapa Likoni karibu na feri, nina miaka 34 na sijawahi kukopa benki hata siku moja, mkopo wangu mimi ni chama na yule mwenye samaki akinipa asubuhi namlipa jioni. Sasa mwezi uliopita nikaomba loni ya elfu sitini kwa sacco ninunue friza manake barafu za kununua zinanimaliza. Wakaniita. Yule kijana wa ofisini akageuza kompyuta nikaona majina yangu yote matatu na namba ya kitambulisho ni yangu kabisa, akasema mama uko CRB, kule wanakoandika madeni ya watu, una madeni mawili, moja 12,400 la benki kwa simu na lingine 3,850 la wale wa apu ya kukopesha. Nikamwambia mimi simu yangu ni kabambe ya batani, hiyo apu naiweka wapi? Akacheka akasema ndo maandishi yanavyosema. Mume wangu anataka tulipe tu hiyo 16,250 tumalizane nipate cheti, wifi yangu anasema niende polisi, na mimi aibu imenishika manake yule kijana ni jirani yangu. Halafu hawa CRB wanaweza kuja kunibebea vitu nyumbani?
Muuza Samaki, Likoni

Marahaba mwanangu. Hiyo 16,250 irudishe kwenye mkebe, usilipe.

Namuelewa mumeo, anataka friza iingie nyumbani na hii kelele iishe, lakini ukilipa deni umelikubali. Ukishalilipa huwezi kurudi kesho useme halikuwa langu, watakuuliza mbona ulilipa. Na hata ukilipa halifutiki hivo, deni lililochelewa hukaa kwenye historia yako miaka 5 tangu siku lilipolipwa, linaandikwa tu kwamba limelipwa. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii, mikopo ya simu ukimaliza kulipa mara nyingi limiti inapanda, sasa wewe ulipe, limiti ipande, na laini iliyokopa kwa jina lako iko mfukoni mwa nani? Mwizi. Utakuwa umemnunulia mwizi limiti.

Kuhusu kubebewa vitu, hapana, CRB hawana lori la kubeba vitu vya mtu. Ni makampuni ya kuweka daftari la mikopo ya watu tu, Kenya yako matatu yenye leseni ya Benki Kuu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwenye kukopesha ndo anawapelekea habari na wao wanaandika walivyoletewa. Kila aliyekopa yuko humo, anayelipa vizuri na asiyelipa, kwa hivo mtu akikwambia "uko CRB" kwanza muulize nimeandikwa nini.

Nilimpigia huyu mama kabla sijaandika jibu, mhariri aliniruhusu nitumie salio la ofisi. Nikamwambia piga *106# na hiyo kabambe yako uone laini ngapi za mtandao wako zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Akakata, dakika mbili akanirudia, sauti imebadilika. "Shangazi ziko mbili." Yake anaijua, ya pili inaishia na namba ambayo hajawahi kuiona maishani. Nikamuuliza hii yako ulisajili wapi, akanyamaza kidogo akacheka kicheko kile kisicho cha furaha. Alinunua kwa kijana wa mwavuli, pale watu wanaposhuka feri, kijana akapiga picha kitambulisho mbele na nyuma, akampiga picha yeye mwenyewe, kisha akasema mama mtandao umekataa hebu turudie. Wakarudia. Alikuwa na ndoo ya samaki kichwani na jua lile, nani angekaa kuuliza mara ya pili ni ya nini.

Basi ndo hapo. Mara ya kwanza alisajili laini yako, mara ya pili akasajili laini yake kwa jina lako, na hizo laini zinauzwa, wanaozinunua wana kazi nazo. Anaizungushia vijisenti, anaweka mia tano anatoa mia nne, miezi kadhaa, mpaka ionekane ni laini ya mtu mwenye biashara, kisha anaomba mkopo. Mkopeshaji wa simu haoni uso wa mtu, anachoona ni namba ya simu, jina na kitambulisho, na vyote vitatu vinalingana, tena vinalingana vizuri kuliko vya watu wengi wa kweli. Pesa ikiingia inatolewa siku hiyo hiyo na laini inazimwa.

Na notisi je? Kanuni zinasema kabla hujaandikwa CRB kwamba hulipi lazima upewe notisi ya siku 30. Sina shaka ilitumwa. Ilitumwa kwa laini ya mwizi.

Sasa kazi. Anza na ripoti yako mwenyewe, usitegemee ulichoonyeshwa kwenye kompyuta ya sacco. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kwa kila kampuni, na chukua zote tatu manake kosa linaweza kuwa kwa mmoja na lisiwe kwa mwingine. Watu wakiipata hukimbilia ile skoo pale juu, mia ngapi, nimefaulu au nimefeli kama matokeo ya darasa la nane ya zamani, achana nayo kwanza. Shuka chini kwenye akaunti, uone jina la mkopeshaji, namba ya akaunti, tarehe iliyofunguliwa, kiasi, imechelewa siku ngapi. Shuka tena mpaka pale kwenye namba za simu na anwani. Hapo ndo mwizi huacha nyayo. Utakuta namba ya simu usiyoijua, na pengine imeandikwa unakaa mji ambao hujawahi hata kupita na basi. Weka alama kwa kalamu, na tarehe ya mkopo iandike pembeni ukumbuke siku hiyo ulikuwa wapi.

Ukishapata nenda duka lenyewe la mtandao wa simu, sio kwa wakala, na kitambulisho cha asili. Mwambie laini hii siitambui, naomba ifungwe na naomba maandishi kwamba nimeikana leo. Wakisema maandishi hawatoi, andika wewe barua nakala mbili wakupigie muhuri moja ubaki nayo. Nani aliisajili na lini, hayo watawaambia polisi wakiomba, wewe hawatakupa, usigombane nao hapo.

Kituo cha polisi sasa nisikilize vizuri. Ukifika kaunta askari atataka kukuandikia "amepoteza kitambulisho" kwa sababu hiyo ndo wanaandika siku nzima na inaisha dakika tano. Kataa kwa adabu. Hukupoteza kitambulisho, unacho mkononi. Abstrakti, ile karatasi ya polisi, ikisema umekipoteza, mkopeshaji atauliza ulipotezea wapi, mbona hukuripoti siku ile, mbona unacho leo, na kesi yako imeharibika kwa neno moja. Mwambie afande jina langu na kitambulisho changu vimetumiwa kukopa pesa bila mimi kujua. Hilo ni kosa lenye kifungu chake, kifungu cha 29 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018, faini hadi laki mbili au jela hadi miaka mitatu au vyote pamoja. Ondoka na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na abstrakti, na usome kilichoandikwa kabla hujatoka mlangoni, askari hatakula mtu kwa kuombwa asahihishe.

Barua mbili siku moja. Moja kwa mkopeshaji, moja kwa kampuni ya CRB, zote zinasema kitu kile kile: mkopo huu sikuomba, laini hii si yangu na nimeikana tarehe fulani, OB yangu ni hii, naomba muondoe habari hii kwa jina langu. Kwa mkopeshaji ongeza kitu kimoja, muulize pesa ilitumwa kwa namba gani, siku gani. Hilo swali wengi hawaliulizi na ndilo linalowanyamazisha. CRB wakipokea malalamiko wanatakiwa waweke alama kwenye hiyo habari kwamba inabishaniwa na wamuulize aliyeileta, na wakipitisha siku 21 bila kumaliza uchunguzi kanuni zinawataka waifute. Siku 21 zihesabu wewe, usingoje wakuhesabie. Kila kitu kiwe kwa imeli au kwa muhuri, maneno ya simu hayana ushahidi, ukipigiwa andika jina la aliyekupigia na saa.

Kwa nini mkopeshaji na CRB wote wawili? Kwa sababu CRB mmoja akisahihisha kwake peke yake, wale wengine wawili bado wana habari ile ile, na mkopeshaji asiposahihisha kwake mwezi ujao atawaletea tena. Nimeiona hii kwa macho yangu. Nilikaa kaunta ya mikopo miaka kumi na moja, benki siitaji, alikuja mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameandikiwa deni la lori. Lori! Mzee anatembea na baiskeli. Kumbe kuna mtu wa majina matatu yale yale na vitambulisho vyao vinatofautiana tarakimu moja, aliyejaza fomu aliandika 6 mahali pa 8. Tukasahihisha, mzee akashukuru, miezi miwili amerudi, lori limerudi naye. Faili la benki halikuguswa, tulifuta kwa CRB tu. Mara ya pili ndo tukafanya inavyotakiwa, na aliyepaswa kuomba msamaha ni sisi, mzee ndo alituletea machungwa.

Hao wa apu, wa 3,850, watakupigia, tena wanaweza kupigia na jirani. Usiseme "nitalipa kidogo kidogo" hata kwa kutaka wakuache, hilo nalo ni kukubali. Angalia kama wamo kwenye orodha ya wakopeshaji wa dijitali waliopewa leseni na Benki Kuu, sheria iliwataka wote wawe na leseni tangu 2022. Iwe wamo au hawamo, kama wanakataa kusahihisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa habari za uongo juu yako, ni bure na wana siku 90 za kulimaliza. Benki nayo ikikukalia kimya, Benki Kuu wanapokea barua.

Na yule kijana wa sacco, jirani yako, rudi kwake na bahasha yenye OB, barua zilizopigwa muhuri na ile ripoti yenye alama. Mimi nilipokuwa upande ule wa kaunta, mteja akija na makaratasi nilikuwa nalisimamisha ombi lake likisubiri badala ya kulikataa. Sio kila mtu atafanya hivo lakini hutajua kama hujaenda. Aibu si yako.

Shangazi, niko na digrii ya ualimu, nimeitwa kazi na wanataka cheti cha CRB pamoja na vile vingine vyote. Nimeangalia nina deni la shilingi 740 la mkopo wa simu wa 2018, nilisahau kabisa. Kuna jamaa kwa Telegram anasema ananitoa ndani ya saa 24 kwa 1,500, anataka picha ya kitambulisho na pini. Ameweka skrinshoti za watu aliowatoa. Nimuamini?
Mwalimu Bila Kazi, Nakuru

Mwalimu, wewe ndo unafundisha watoto wetu? Pini!

Hakuna mtu wa Telegram mwenye ufunguo wa CRB. Ukimpa picha ya kitambulisho na pini, mwezi ujao utakuwa unaniandikia barua ya yule mama wa Likoni, na wewe utakuwa umejitoa mwenyewe. Kama ushamtumia kitu badilisha pini sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Hiyo 740 ni rahisi. Tangu Aprili 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halitakiwi kupelekwa CRB kama deni baya, na waliokuwa wamepelekwa kwa vijisenti hivo Benki Kuu ilisema waondolewe. Waandikie mkopeshaji na CRB, taja hilo, waondoe. Lakini wewe tofauti na yule mama, deni ni lako, ulikula hizo pesa, kwa hivo lilipe. Lipa kwa paybill, namba ya malipo ya mkopeshaji mwenyewe, tunza meseji, kisha omba cheti kwa njia rasmi, cha kwanza kanuni za 2020 zinasema ni bure. Na HELB, wale wa mkopo wa chuo, usijifanye hujaiona, barua yako imeikwepa kiaina.

Assalaam alaikum Shangazi. Mimi niko Doha mwaka wa tatu, nafanya kazi ya nyumbani. Nilipoondoka nilimwachia kaka yangu laini yangu na pini ili awe anapokea pesa ya mama ya dawa. Juzi nimetaka kuanza mkopo wa kiwanja kule Kilifi nikaambiwa nina mikopo minne haijalipwa, jumla 41,000. Ni yeye. Amekiri kwa simu, analia, anasema atalipa. Pasipoti yangu ina mihuri kwamba sikuwa Kenya, je hiyo inatosha nifutiwe?
Niko Doha

Waalaikum salaam binti yangu. Pole, na barua yako ndo iliyonikalisha usiku.

Mihuri ya pasipoti inaonyesha mwili wako ulikuwa Doha. Mkopo wa simu hauombwi na mwili, unaombwa na pini, na masharti uliyoyakubali siku ya kwanza, yale marefu tunayoyapitisha na kidole bila kusoma, yanasema kinachofanywa na pini yako umefanya wewe. Yule mama wa Likoni laini haikuwa yake, hakuigusa kabisa. Yako ni yako, uliisajili wewe, na pini uliitoa kwa mdomo wako, kwa nia njema ya dawa ya mama, lakini mkopeshaji haulizi nia. Ukienda kulalamika kwamba ni kosa watakuuliza pini aliipata wapi, na wewe si mtu wa kusema uongo, nimekuona kwenye barua.

Kisheria kaka yako amekosa, kile kifungu cha 29 kinamgusa, kinataja mtu anayetumia kwa udanganyifu namba ya siri ya mwingine. Kwa hivo njia ya polisi ipo na ukiifuata una ushahidi, amekiri. Lakini itakuchukua muda, uko mbali, na kiwanja hakingoji.

Mimi ningefanya hivi. Kwanza laini. Kaka aizime, aitoe kwenye simu, na ampe mtu mwingine unayemwamini aitunze bila pini, na pini ibadilishwe leo kabla hujakaa kujadili lolote, watu huanza na kulia halafu mkopo wa tano unaingia. Dawa za mama zitumwe moja kwa moja kwa namba ya mama au ya duka la dawa. Pili, chukua ripoti zako zote tatu, unaweza kuziomba ukiwa huko huko kwa imeli, uone kama ni minne kweli, anayekiri minne wakati mwingine ana sita. Tatu, waandikie wakopeshaji kabla ya kulipa uwaulize kama watasamehe riba na faini ukilipa kwa mkupuo, wengi husikia. Na alipe yeye, sio wewe umtumie alipe, alipe kwa paybill kutoka kwa namba yake, kila mwezi akutumie meseji ya malipo. Ikiisha omba barua ya kumaliza deni kwa kila mmoja. Historia ya kuchelewa itabaki ile miaka 5, sikufichi, lakini deni lililolipwa na lenye barua ni kitu kingine kabisa mbele ya mtu wa mikopo kuliko deni lililolala.

Mama anajua? Hukuandika. Nauliza kwa sababu kaka akikataa kulipa mwezi wa pili, utafika pale pa kuchagua kati ya OB na kunyamaza, na hapo mimi siwezi kukuchagulia, ni kaka yako na pesa ilikuwa ya dawa.